XAMPP: seva ya majaribio ndani ya kompyuta yako

Anayeanza kujifunza PHP, lugha ya kuundia tovuti, hutambua mapema kwamba kubofya faili mara mbili hakutoshi, kwa kuwa kivinjari hakina uwezo wa kutekeleza msimbo huo; lazima pawepo seva ya kuusoma na kurudisha ukurasa uliokamilika. XAMPP, inayotolewa bure na Apache Friends tangu mwaka 2002, hukusanya pamoja seva ya Apache, hifadhidata ya MariaDB na lugha za PHP na Perl.

Usakinishaji wake ni mwepesi, ila kwenye Windows ni vyema kuiacha ndani ya C:\xampp badala ya Program Files, ambako mfumo huibana programu isiandike faili zake. Baada ya hapo unafungua paneli ya udhibiti ya XAMPP na kubofya Start kwenye mstari wa Apache, na jina likishageuka kijani unaweka kazi yako katika folda ya htdocs na kuandika localhost, yaani anwani ya kompyuta yako yenyewe, kwenye kivinjari.

Wengi hukwama pale Apache inapogoma kuwaka. Mara nyingi XAMPP haina kosa: programu nyingine, kwa mfano IIS, seva ya wavuti ya Windows yenyewe, imekwisha kuishika poti 80, mlango wa mtandao ambao Apache huutumia. Kitufe cha Netstat kilichomo kwenye paneli huonyesha ni ipi iliyoishika, nami nakihesabu kuwa miongoni mwa mambo bora ya programu hii, maana bila hicho mgeni angebaki kubahatisha. Ukishaijua, ama uizime, ama ufungue httpd.conf, faili ya mipangilio ya Apache, ubadilishe Listen 80 iwe Listen 8080, kisha uandike localhost:8080.

Upande wa usalama siwezi kuisifu. Mtumiaji mkuu wa hifadhidata, root, huja bila nenosiri, jambo linalomrahisishia mwanafunzi lakini linaloifanya isifae kabisa kubeba tovuti ya umma. Watengenezaji wenyewe husema ni ya kazi za uundaji tu. Tena, kompyuta ikizimika ghafla MariaDB (ambayo paneli bado inaiita MySQL) huweza kuharibika na kukataa kuwaka, kwa hiyo nakala za akiba za hifadhidata zitolewe mara kwa mara kupitia phpMyAdmin, zana ya kuisimamia ndani ya kivinjari.

Kwa anayejifunza WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti unaotumia PHP, naipendekeza bila kusita. Anayehitaji matoleo tofauti ya PHP kwa kila mradi atafute Docker, zana inayoendesha kila mradi katika mazingira yake yenyewe, na mwenye kurasa chache zisizo na hifadhidata hahitaji hata XAMPP: akiwa na PHP, amri ya php -S localhost:8000 inamtosha.