Fyuzi ya transfoma ya fezi moja: ipi ununue, ipi uiache kaunta

Mama mmoja anayeoka keki Nyalenda, hapa Kisumu, aliniletea transfoma yake ikiwa imefungwa kwa leso. Ni ya VA 1000 (VA ni volti mara ampea, kipimo cha mzigo inaoweza kubeba), ya kushusha volti 240 hadi 110, aliyoinunua ili aendeshe mashine ya kukanda unga aliyotumiwa na bintiye kutoka Marekani. Nilipofungua kifuniko, harufu ya vanishi iliyoungua ilijaa kibandani. Koili ilikuwa nyeusi kama mkaa, na karatasi zake zilimeguka nilipozigusa kwa kidole. Fyuzi, lakini, ilikuwa nzima. Nikaichomoa: kijibomba cha kioo kimezungushiwa nyuzi tatu za kopa, zimesokotwa vizuri, bado zinang'aa.

"Fundi, ilikuwa inakatika karibu kila asubuhi nikiwasha," akaniambia. "Kijana wa jirani akanisaidia, ikatulia."

Ikatulia mpaka siku soketi ya mashine ilipopiga shoti. Zile nyuzi hazikukatika, koili ndiyo ikaungua kwa niaba yao. Katika mfuko wake alikuwa ameweka fyuzi nne za zamani, zote zimeandikwa F5A, yaani ampea 5 zenye herufi F. Hapo nikajua alichouziwa. Ampea hazikuwa mbaya sana. Kilichokosewa ni ile herufi F.

Transfoma ikiwashwa haianzi polepole. Chuma chake kina sumaku iliyobaki tangu ilipozimwa, na stima, ambayo hupanda na kushuka kama wimbi, inaweza kuingia wimbi hilo likiwa mahali popote. Vikikutana vibaya, chuma hushiba sumaku na koili huvuta mkupuo wa mara kumi hadi kumi na tano ya ampea zake za kawaida, pengine zaidi, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Vikikutana vizuri, hakuna kinachotokea. Ndiyo maana fyuzi ya mama yule ilikuwa inavumilia siku mbili, ya tatu inakatika, na kila mtu anadhani stima ya mtaa ndiyo mbovu. Fyuzi yenye herufi F hukatika upesi, kwa hiyo huuona mkupuo huo kama shoti. Yenye herufi T huchelewa kidogo, mkupuo ukapita.

Kabla ya kwenda dukani, piga hesabu: gawa VA kwa volti. VA 1000 kwa 240 ni ampea 4.2 upande wa kuingilia. Kwa 110 ni ampea 9.1 upande wa kutokea. Andika namba zote mbili, kwa sababu ninachokipa nafasi ya kwanza ni fyuzi mbili, si moja.

Kwa transfoma ya ukubwa huo, nunua fyuzi za silinda za kauri zenye herufi gG (za kazi za kawaida, hukata mzigo uliozidi na shoti pia), pamoja na vishikio vyake. Upande wa kuingilia weka ya ampea 10, upande wa kutokea weka ya ampea 10 pia. Najua mtu atauliza kwa nini 10 wakati hesabu inasema 4.2. Fyuzi ya kuingilia lazima ivumilie mkupuo, na gG ya ampea 6 itakusumbua. Kanuni za Marekani huruhusu upande wa kuingilia ufike asilimia 250 ya ampea zake, ila kwa sharti kwamba upande wa kutokea una fyuzi isiyozidi asilimia 125. Mkupuo wa sumaku hauonekani upande wa kutokea, hivyo huko unaweza kubana karibu kabisa na mzigo. Ya kutokea inalinda koili mashine ikizidiwa, ya kuingilia inasubiri shoti ya ndani. Ukiweka moja tu ya ampea 10 upande wa kuingilia, umeruhusu transfoma ibebe mzigo mara mbili hadi iungue polepole.

Kuna sababu nyingine ya kupenda kauri. Ndani yake kuna mchanga wa kwatzi (quartz) unaozima cheche waya unapoyeyuka. Itikise sikioni. Iliyojazwa vizuri haichezi. Ikisikika kama kayamba, irudishe. Na isiyo na maandishi ya ampea, volti na aina yake, usiinunue hata ukipewa bei ya huruma.

Nafasi ya pili, badala ya fyuzi ya kuingilia, ni ya saketi breka (swichi inayojikata yenyewe) yenye herufi D, mfano D6, yaani ya ampea 6. Haikatiki papo hapo mpaka ampea zifike mara kumi ya kipimo chake au zaidi. Breka za C hukatika kati ya mara tano na kumi, na za B kati ya mara tatu na tano, na hizo ndizo zimejaa madukani kwa ajili ya taa na soketi za nyumba. Uzuri wa breka ni kwamba huinunui tena kila ikikatika. Bado weka fyuzi upande wa kutokea.

Kwa transfoma ndogo, za VA 100 hivi zinazolisha chaja au paneli ya pampu, mpangilio wote hubadilika: fyuzi ndogo ya milimita 5 kwa 20 yenye herufi T ndiyo ya kwanza. VA 100 huvuta ampea 0.42, nami huweka T800mA, yaani ampea 0.8. Chukua ya kauri ukiipata. Ya kioo haina nguvu ya kuzima shoti kubwa na inaweza kupasuka.

Fyuzi za aM ni za mota. Hustahimili mkupuo vizuri sana lakini hazijali mzigo uliozidi, hivyo bila fyuzi ya kutokea usiziguse. Ile ya ampea 13 ndani ya plagi inalinda waya wa plagi tu. Ile ya F iache kwenye redio. Waya wa kopa hauna nafasi kabisa katika orodha hii.

Jambo moja kwa wenye transfoma za manjano za mijengo: nyingi za 110 zimeunganishwa na ardhi katikati ya koili, volti 55 kila upande. Waya zote mbili za kutokea zina stima, kwa hiyo zote mbili zinahitaji fyuzi. Upande wa kuingilia, fyuzi hukaa kwenye laini, yaani waya wenye stima, kamwe si kwenye nyutro.

Ya mama yule niliisuka upya. Ndani ya kifuniko nilibandika karatasi: "Kuingia gG 10, kutoka gG 10", na chini yake fyuzi nne za akiba zimefungwa kwa selotepu.