Utumishi wa Mutula Kilonzo Junior katika Seneti: Tathmini

Kumtathmini seneta ni kazi ngumu kuliko kumtathmini mbunge. Mbunge ana fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, na mpiga kura anaweza kuhesabu madarasa yaliyojengwa. Seneta, kwa mujibu wa Ibara ya 96 ya Katiba ya Kenya, hutumwa kulinda maslahi ya kaunti, kutunga sheria zinazozihusu na kusimamia matumizi ya fedha zinazopelekwa huko. Huduma anayoitoa, kwa hiyo, ni hoja, na kwa kipimo hicho Kaunti ya Makueni, iliyowakilishwa na Mutula Kilonzo Junior kati ya 2013 na 2022, haikupunjwa.

Jina lake, hata hivyo, haliwezi kupuuzwa. Baba yake, Mutula Kilonzo, alikuwa wakili wa Rais Moi, kisha Mbunge wa Mbooni, na ndiye aliyekuwa Waziri wa Sheria Katiba ilipozinduliwa Agosti 27, 2010. Baba huyo alichaguliwa seneta wa Makueni Machi 2013 katika Seneti iliyoletwa na Katiba hiyo hiyo, akafariki Aprili 27. Chama cha Wiper kilimteua kwanza binti wa marehemu, Kethi, wakili aliyekuwa amepata sifa kubwa katika kesi ya kupinga matokeo ya urais, lakini uteuzi wake ulibatilishwa kwa kuwa hakuwa katika daftari la wapiga kura, na Mahakama Kuu ikakataa kuurejesha. Tiketi ikamwendea ndugu yake, Mutula Junior, naye akashinda uchaguzi mdogo wa Julai 26 bila jasho. Sidhani kama wakili mwingine wa rika lake, asiye na jina hilo, angeingia Seneti kwa haraka kiasi hicho.

Lakini jina halikumsaidia kujibu hoja ndani ya ukumbi. Mwaka huo Bunge la Taifa lilitaka kuiweka Seneti kando katika mswada wa mgao wa mapato kati ya serikali kuu na kaunti, hata ikabidi Mahakama ya Juu itoe ushauri, Novemba 1, 2013, kwamba maseneta wana nafasi yao. Katika chombo ambacho silaha yake kuu ni Katiba na Kanuni za Kudumu, wakili hakosi kazi: husimama kwa hoja ya nidhamu, hutaja ibara kwa nambari yake, na mswada uliokuwa ukipita kimya kimya hulazimika kusimama. Ustadi huo ulionekana wazi zaidi mwaka 2020, wakati fomula mpya ya kugawa fedha baina ya kaunti ilipotishia kuzipunguzia fedha kaunti kadhaa, Makueni ikiwamo. Alikuwa miongoni mwa maseneta walioipinga hadi Septemba, pakapatikana mwafaka kwamba hakuna kaunti itakayopata chini ya ilichokuwa ikipata, huku serikali ikiahidi nyongeza ya shilingi bilioni 50.

Kasoro ninayoiona ni lugha. Hotuba zake za kisheria zilimridhisha wakili mwenzake kuliko mkulima wa maembe, ambaye alihitaji kuelezwa fomula ile ingepunguza nini katika zahanati yake. Aliyetarajia seneta amletee lami angevunjika moyo, ingawa kosa hapo halikuwa la seneta.

Mwaka 2022 alimrithi Kivutha Kibwana, profesa wa sheria, katika kiti cha ugavana. Huko kipimo ni kingine kabisa: madarasa na zahanati sasa zinahesabika, na kamati za Seneti zikitaka maelezo ya hesabu za Makueni, anayepaswa kujibu ni yeye.