Uzoefu wangu: nilimlipa mhandisi akague nyumba ya matofali ya kufungamana Dodoma kabla sijainunua

Naandika haya kwa anayetafuta nyumba ya kununua hapa Dodoma, hasa akikutana na ile iliyojengwa kwa matofali ya kufungamana, yale mekundu ya udongo na saruji ambayo mafundi wengi wanayaita intaloki. Huduma ninayoizungumzia ni ya mhandisi wa kujitegemea anayekuja kuikagua nyumba kabla hujatoa arabuni. Nimeitumia, nyumba nimeinunua, na sasa naishi ndani yake na familia yangu, upande wa Nzuguni. Kwangu mimi hiyo ndiyo fedha iliyofanya kazi kubwa kuliko zote nilizotoa katika ununuzi ule, na haikufika hata asilimia moja ya bei ya nyumba.

Nilipoanza kuisema ile nyumba, kila mtu alikuwa na lake. Shemeji yangu alisema nyumba ya udongo haina maisha, subiri mvua za Januari uone. Dalali naye kila nikiuliza jambo alinijibu, "Dada yangu, hii ni teknolojia, haina shida yoyote." Hakuna kati yao aliyewahi kupanda darini wala kuugusa ule ukuta.

Hapa niseme jambo ambalo nimegundua wanunuzi wengi wanalichanganya. Benki ilimtuma mthamini, akaja, akapima vyumba, akapiga picha, akaondoka. Watu wakanipongeza kwamba nyumba imeshakaguliwa. Mthamini hakagui uimara. Kazi yake ni kuiambia benki nyumba na kiwanja vina thamani gani sokoni, na hiyo aliifanya vizuri. Mwanasheria wangu alifanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, akaniambia hati ni safi na haina rehani. Kibali cha ujenzi kutoka halmashauri kilikuwepo. Hayo yote ni ya lazima, usiyaruke. Lakini ukiyakusanya pamoja bado hayakuambii kama ukuta wa chumba cha watoto utasimama.

Dalali alikuwa na "injinia wake" tayari. Nilikataa kwa heshima, kwa sababu anayelipwa nyumba ikiuzwa hawezi kuwa ndiye anayemchagua mtu wa kuniambia nisinunue. Nikatafuta mwenyewe kupitia wenzangu kazini waliojenga. Wa kwanza niliyempigia alikuwa na usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, bila tatizo, lakini nilipomwambia ni matofali ya kufungamana akasema, "Mama, ukuta ni ukuta." Nikamshukuru. Wa pili, naye amesajiliwa, kabla hajataja bei aliniuliza yeye: lenta, ule mkanda wa zege, imezunguka nyumba nzima au iko juu ya madirisha tu? Mabomba ya umeme yamepita wapi? Kiwanja ni udongo mwekundu wa kichanga au ni udongo mweusi wa mbuga? Sikuwa na jibu hata moja, na nikajua nimempata mtu.

Maswali yale yana sababu, na injinia alinieleza tukiwa tumesimama uani. Ukuta wa tofali za kawaida, za bloku au za kuchoma, unashikwa na mota, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, kati ya kila tofali. Ukuta wa kufungamana hauna mota kwa sehemu kubwa. Tofali lina ulimi upande mmoja na mfereji upande mwingine, linaingia kwenye mwenzake, basi. Unaosimamisha ukuta ni uzito wake, unyoofu wake, na mkanda wa zege unaoufunga juu kuzunguka nyumba nzima. Kwa hiyo kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa tofali unaolazwa kwenye mota juu ya msingi, ndiyo inayoamua kila kitu. Ikiwa imepinda kidogo tu, kosa linapanda na kila kozi mpaka fundi anaanza kuziba nafasi kwa vipande na mota nyembamba ili kulazimisha ukuta unyooke. Ukiona viraka vya namna hiyo katikati ya ukuta wa kufungamana, alisema, kaa macho.

Tofali lenyewe nalo lina masharti. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umeyahimiza matofali haya kwa miaka mingi, na wanaoyafyatua kwa kufuata maelekezo wanapata tofali zuri kabisa. Saruji inayochanganywa kwa kawaida ni kati ya asilimia 5 na 10, inayobaki ni udongo uliochekechwa na kukandamizwa kwenye mashine. Udongo wenye mfinyanzi mwingi haufai, unasinyaa na kupasuka. Baada ya kufyatuliwa tofali linatakiwa kufunikwa na kumwagiliwa angalau wiki nzima, na nguvu yake hukamilika kama siku 28. Kwa jua na upepo wa Dodoma hapo ndipo wengi wanapoharibu. Maji ni ya kununua kwa boza, fundi ana haraka, tofali linakauka siku ya pili. Kwa macho linafanana kabisa na lililomwagiliwa vizuri.

Ndiyo maana sikuchoka kumwangalia alivyofanya kazi. Alitoa msumari mfukoni akaukwaruza kwenye tofali la chini kabisa nyuma ya nyumba, mahali ambapo hapajapigwa lipu. Ulitoka mstari mweupe mwembamba, bila vumbi la kumwagika. Akasogea hatua mbili, akakwaruza jingine, halafu jingine, kila upande wa nyumba. Akamwomba mwenye nyumba mabaki ya matofali yaliyokuwa yamerundikwa karibu na uzio, akatumbukiza moja kwenye ndoo ya maji akaliacha humo wakati anaendelea na kazi nyingine. Alipolitoa baadaye pembe zake zilikuwa kali vilevile, na maji ya ndoo hayakuwa tope. Hiyo haichukui nafasi ya kipimo cha maabara, alinionya, ila tofali bovu lingejisaliti hapohapo.

Kisha akapima kila kona kwa timazi, ile kamba yenye uzito, aone kama ukuta umesimama wima. Kisha akapanda darini kwa tochi, akakaa huko muda mrefu kiasi kwamba dalali alianza kuangalia saa. Kisha akaomba ruhusa ya kuchimba kwa jembe kando ya msingi, aone umeshuka kiasi gani na umekaa kwenye udongo gani. Dodoma ina mabonde yenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukinywa maji na kupasuka mipasuko ya kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Nyumba yoyote iliyojengwa juu yake kwa msingi wa kawaida itapasuka, iwe ya bloku au ya kufungamana. Hapa tulikuta udongo mwekundu wa kichanga, mgumu. Nilipumua.

Sasa aliyoyakuta. Nyumba kubwa ilikuwa nzuri: kozi ya kwanza imenyooka, mkanda wa lenta umezunguka wote, na kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimefungwa kwenye mkanda huo kwa vipande vya nondo vilivyoachwa tangu zege linamwagwa. Kwa upepo wa hapa kwetu, paa lisilofungwa hivyo siku moja linaondoka na mbao zake. Banda la uani lilikuwa habari nyingine. Liliongezwa baadaye na fundi mwingine, na halina mkanda kabisa. Mbao za paa zimekaa moja kwa moja juu ya tofali ambazo hazina mota. Nje lilikuwa limepigwa lipu na rangi likang'aa kuliko nyumba yenyewe. Bila kupanda juu usingejua.

La pili lilinishangaza zaidi. Chumba cha watoto, fundi umeme alitindua ukuta kwa mlalo, kutoka swichi mpaka soketi ya upande wa pili, halafu akafunika kwa lipu. Kwenye ukuta wa kufungamana mfereji wa namna hiyo unakata unene wa tofali kwenye kozi nzima. Waya unatakiwa kupanda wima, kupitia matundu ya tofali au mfereji mfupi, na uwekwe wakati ukuta unapanda. Injinia alikuta sehemu hiyo kwa kugonga lipu na vidole na kusikiliza.

La tatu ni ufa wa ngazi kwenye kona ya bafu, unaoshuka tofali kwa tofali. Mimi ningekimbia. Yeye akatoka nje, akafuata bomba la maji machafu, akakuta kiungio kinavuja chini ya ardhi na udongo wa kona ile ni tepetepe wakati kila mahali pengine pakavu. Akachora kwa penseli mstari mdogo kwenye kila ncha ya ufa, akaandika tarehe pembeni. Bomba likitengenezwa na ufa ukabaki ndani ya mistari ile, umetulia. Ukivuka, apigiwe simu. La mwisho, paa limetokeza nje kidogo mno, kwa hiyo matone ya mvua yanaruka na kulamba kozi za chini upande wa upepo. Suluhisho ni mifereji ya bati na lipu ya saruji mpaka usawa wa magoti.

"Kwa hiyo injinia, niachane nayo?" nilimuuliza.

"Hapana, mama. Nunua, ila usiinunue kwa bei ya nyumba isiyo na kazi."

Mwenye nyumba ni mzee mstaafu wa serikali, mtu wa heshima, na sikuona dalili kwamba alificha chochote. Naye alikuwa ameamini mafundi. Ripoti ilipofika mezani mazungumzo yalibadilika, kwa sababu hatukuwa tena tunabishana mimi na dalali nani anajua. Mzee alitengeneza bomba kwa gharama yake, na tukapunguza bei kwa makadirio ya kuezua banda, kumwaga mkanda na kuezeka upya.

Bibi yangu aliishi kwenye tembe huko Bahi mpaka uzee wake. Paa bapa la miti na udongo, na kila kabla ya mvua watu wa nyumbani walikuwa wanapanda kulikandika upya. Lile tembe lilikaa miaka kwa sababu kila mtu pale nyumbani alijua linataka nini. Namkumbuka kila ninaposikia mtu analaani matofali ya kufungamana kwa ujumla. Mimi nayapenda, na nina sababu: hayachomwi kwa kuni. Huu ndio mkoa ambao mwaka 1973 ulianzishiwa mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa sababu ya ardhi iliyokuwa inamomonyoka, na bado tunakata miti kuchoma tanuri za tofali. Ninachodai ni kwamba njia isiyozoeleka ipate mkaguzi anayeijua. Hata zile nyumba za paneli za povu zenye wavu wa chuma na zege la kupuliziwa, maswali yake ni mengine kabisa: unene wa zege juu ya wavu, kutu, na namna ukuta ulivyoshikana na msingi. Aliyezoea bloku tu atagonga ukuta, atasikia sauti ya uwazi, atakutisha bure. Au atakuambia ni nzuri bila kujua alichokiangalia.

Kuhusu huduma yenyewe, yapo ambayo sikuyapenda. Ripoti iliandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na mzee muuzaji na mimi tulihitaji kuambiwa kwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa. Injinia alikubali kufanya hivyo, ila mteja hapaswi kuomba. Picha za darini zilikuwa chache wakati huko ndiko kulikuwa na habari kubwa. Na makadirio ya gharama ya banda yalikuwa chini kuliko bei ya nondo na saruji tuliyoikuta dukani.

Nilichofurahia zaidi ni kwamba bei ilijumuisha kurudi mara moja baada ya mvua kuisha, kuangalia mistari ya penseli bafuni na kozi za chini. Alirudi kama alivyoahidi, mwezi wa tano. Ufa haukuvuka, lipu ya chini iko sawa, ila mfereji mmoja wa bati ulikuwa umelegea na unamwaga maji palepale tusipotaka. Ukimpata wa kwako, mwambie ziara hiyo ya pili aiandike kwenye makubaliano kabisa kabla hujamlipa, na umwombe kabla hajaanza akuonyeshe ripoti ya nyumba nyingine ya aina hiyohiyo aliyoikagua, hata akificha jina la mwenye nyumba.