Mita ya kubana ya DC kwenye foklifti ya betri: uzoefu wangu

Ninatengeneza mashine kwenye godauni moja huku Shimanzi, Mombasa, na kifaa ninachokisifu hapa ni mita ya kubana, yaani yenye taya zinazoizunguka kebo na kupima mkondo bila kuikata, inayosoma mkondo wa DC, ule wa betri. Angalieni sana hapo. Mita nyingi za kubana madukani husoma AC peke yake, yaani umeme wa nyumbani: ukiibana kwenye kebo ya betri haikupi kitu cha maana, hata kama mota inavuta mamia ya ampea.

Foklifti yetu, mashine ya kuinulia mizigo, ni ya volti 48, betri ya asidi yenye seli 24. Ilikuwa inainua kwa kusuasua, na saa nne asubuhi geji inaonyesha chaji imekwisha, mashine inagoma kuinua kabisa. Kila mtu akasema betri imekufa. Kumbe ikiwa imetulia ilisoma volti 50 na ushei, na hata mzigo ukiinuliwa, volti kwenye nguzo zake, pale kebo zinapofungwa, hazikushuka sana.

Basi nikaifuata kebo. Mita ilionyesha ampea 200 wakati wa kuinua. Mita hiyo hupima volti pia kwa nyaya zake mbili, basi nikaweka ncha ya waya mmoja upande huu wa plagi kubwa ya betri na nyingine upande wa pili, dereva akainua tena: volti 3 zinapotea palepale. Volti 3 kwa ampea 200 ni wati 600 za joto ndani ya plagi moja! Tuliifungua tukakuta kutu ya kijani. Hewa ya chumvi ya bandari ya Kilindini haina huruma na shaba. Geji hupima volti zinazoifikia mashine, ndiyo maana ilidanganyika ikadhani betri imeisha. Tulibadilisha vishikizo vya shaba vya plagi, betri ya zamani ikarudi kufanya kazi hadi jioni.

Kasoro zipo. Lazima ubonyeze kitufe cha sifuri kabla ya kila kipimo cha mkondo, la sivyo inasoma ampea za uongo. Kioo chake hakisomeki juani, na nyaya za kupimia ni fupi, unajikuta umeinamia betri. Vueni pete na saa kabla ya kusogea hapo, tafadhali.

Ukienda kununua, usilipe kabla muuzaji hajaibana kwenye kebo moja ya betri ya gari na kuwasha taa kubwa. Namba isipopanda, irudishie kwenye boksi lake.