Weihrauch HW100 ya 5.5: kujivuta kwake ndo utamu wenyewe

Wanaoiponda hii bunduki ya upepo kwa saizi ya 5.5, yani tundu la mtutu milimita 5.5, wote wana hoja moja tu, eti inajivuta. Sawa inajivuta, sibishi. Hapa Uingereza bunduki ya upepo ya kumiliki bila leseni mwisho wake ni futi-pauni 12, yani jouli 16 na kidogo, sasa kinguvu hicho ukikibebesha peleti, yani kirisasi chake, ya grain 16 (kama gramu moja) inatoka mtutuni na mita 174 hivi kwa sekunde, kama nusu ya mwendo wa sauti, wakati jirani yako mwenye 4.5 anapitisha 230 na ushee. Mimi nimeifuata kwa sababu hiyohiyo. Ikijivuta unaiona ikienda, na aisee kwenye huu mchezo sijakutana na raha inayoifikia, tundu la kwenye karatasi ni habari ya baadaye, hii unaipata mubashara.

Ngoja nieleze maana ambaye hajaona atasema natia chumvi. Skopu, ile darubini ya kulengea, inakaa sentimita nne tano juu ya mtutu, kwa hiyo peleti inaingia kwenye kioo ikitokea chini, kidoti kinachong'aa, kinapanda kinavuka msalaba wa kulengea, kinaenda juu kabisa ya pale ulipolenga mpaka unasema hii imepotea, halafu kinainama chenyewe na kushuka palepale ulipotaka, faulo iliyoruka ukuta ikazama kona ya goli. Ukiseti msalaba kwa mita 45, katikati ya safari peleti inakuwa juu ya mstari wa jicho kama sentimita nane, ile ya 4.5 inapanda karibu nusu ya hapo tu ndo maana haina mvuto machoni. Safari nzima haifiki hata theluthi ya sekunde lakini jicho likishazoea unaona inatosha kabisa, unaifuata mpaka inagonga bati na ule mlio unakufikia.

Na siku ya upepo sasa! Upepo ukipiga kutoka pembeni, peleti inaanza vizuri tu, imenyooka, unashangilia, ikikaribia mwisho unaiona inahama, inahama, mita kumi za mwisho ndo inabebwa haswa. Kitu ambacho wazee wa klabu walikuwa wananieleza kwa maneno nikawa naitikia tu ndio ndio, hapa unakiona kwa macho, ukapiga ya pili ukiwa umelenga pembeni kidogo na unajua kwa nini.

Kwa nini HW100 na sio bunduki nyingine yoyote ya 5.5? Za springi zina pistoni nzito ndani, ukifyatua inakurupuka nyuma na mbele, mpaka skopu itulie peleti imeshafika. Hii inatumia hewa iliyoshindiliwa kwenye silinda, haishtuki, msalaba unabaki palepale na wewe unabaki unaangalia. Triga yake laini mno, inakatika bila kukushtua, kulia kuna wenzo wa kukoki na magazini inabeba peleti 14, kwa hiyo hutoi jicho kwenye kioo kila baada ya mlio mmoja, unavuta wenzo tu unaendelea. Kazi ya Wajerumani wa Mellrichstadt, chuma na mbao vimekaa kwa adabu.

Mwanga ndo kila kitu lakini. Jua liwe nyuma ya bega lako na liwe la chini, la saa kumi saa kumi na moja jioni, kwa sababu peleti nyuma ina sketi iliyo wazi na mwanga ukiingia pale inawaka. Nyuma ya shabaha pawe na kitu cheusi, tuta la udongo au ua wa miti, kwenye nyasi kavu au anga jeupe inapotea. Ukuzaji wa skopu usiupandishe mpaka mwisho, weka mara 6 hivi, ukiweka 16 unaona shabaha kubwa lakini eneo unaloliona linakuwa finyu na peleti inakuwa ngumu kuifuata. Halafu peleti usibanie hela, mie natumia JSB za Mcheki, kuna kopo la bei poa nililipata sehemu siitaji, zikawa zinaenda kwa kujizungusha, duara duara mpaka kwenye bati, kuzitazama zinachekesha sana, kulenga nazo sasa weee.

Malalamiko yapo. Nzito, ukiweka na skopu mkono unauma kama unapiga wima. Bei sio ya kitoto, tafuta iliyotumika kwa mtu aliyeitunza. Na kujaza hewa mpaka bar 200 kwa pampu ya mkono ni jasho, ukiweza nunua chupa kama za wazamiaji uachane na mateso.

Wanaotaka kurekodi, kuna vishikio vya simu vya kufunga nyuma ya skopu, weka slomosheni ya frem 240 kwa sekunde utapata zaidi ya frem 60 za peleti moja hewani, nimewatumia ndugu Tanga wakafikiri nimeedit.

Sheria usiichukulie poa. England lazima uwe na miaka 18 kununua na dukani unakabidhiwa ana kwa ana, Scotland tangu mwisho wa 2016 inahitaji cheti hata hii ndogo. Na wale mnaoniuliza inbox kama mtapita nayo JKIA kwenye begi, msithubutu, sheria ya Kenya inaihesabu bunduki ya upepo kuwa silaha kama zingine, kibali kwanza.