AT2020 ndani ya nyumba ya mawe: uzoefu wangu Lamu

Kwa miaka nilirekodi gitaa langu kwa kuchomeka waya tu, nikitegemea pikapu, kile kinasa sauti kidogo kilichofichwa chini ya daraja la nyuzi. Aliyewahi kuisikia sauti hiyo ananielewa: kavu, kali, kila uzi unalia kama waya wa seng'enge. Rafiki yangu mpiga udi aliisikiliza kazi yangu moja hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Hilo gitaa ni la mbao kweli?" Wiki ile ile nikaagiza maiki.

Nilichukua Audio-Technica AT2020. Marekani bei yake ni karibu dola 100. Sisi huku tunaongeza usafirishaji, basi mpaka Mokowe kisha boti kuvuka. Maiki hii haifanyi kazi bila umeme wa volti 48, kwa hiyo usidhani utaichomeka kwenye simu. Mimi naiunganisha na kompyuta kupitia kisanduku cha Focusrite Scarlett Solo, chenye tundu moja la maiki na kitufe cha kuwasha hizo volti. Tundu moja lanitosha, gitaa langu ni moja.

Usiku wa kwanza niliaibika peke yangu. Nimezoea maiki za harusini, zile unazoimbia kichwani, basi na hii nikaielekeza kichwa chake kwenye gitaa. Saa mbili nzima! Sauti ikatoka nyembamba, kama mtu anapiga chumba cha pili. Kumbe hii husikiliza kwa ubavu, upande wenye nembo. Nilipoigeuza nikacheka.

Halafu nikafanya kosa ambalo nadhani kila mtu hulifanya: nikaiweka mbele ya tundu la gitaa, karibu kabisa, kwa kuwa ndiko sauti inakotokea. Ikatoka ngoma. Hewa iliyo tumboni mwa gitaa hutikisika sana kwenye besi, magitaa mengi ni karibu na hezi 100 (yaani mitikisiko 100 kwa sekunde), na maiki za aina hii huzidisha besi kadiri zinavyosogezwa. Mambo mawili yakikutana hapo, husikii tena vidole, wasikia vum, vum. Nikairudisha nyuma kama sentimita 30, ikitazama pale shingo inapoungana na mwili, fureti (kijichuma cha shingoni) ya 12 hivi, na kuigeuza kidogo tu kuelekea tundu. Hapo mbao zikaanza kusikika. Hata ule mkwaruzo mdogo wa kidole kinapohama uzi umo, na sitaki kuufuta.

Ila bado kulikuwa na noti moja inanitesa: B ya uzi wa tano, fureti ya pili. Kila nikiigusa chumba kinaitikia. Nikailaumu maiki, nikalilaumu gitaa, hadi nikachukua futi ya fundi. Mnajua vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko. Changu kina mita 2 na sentimita 80. Sauti inayokwenda na kurudi kati ya kuta mbili za upana huo hujijenga yenyewe karibu na hezi 60, na tena karibu na 125. B ile iko kwenye 123. Nami nilikuwa nimeketi katikati kabisa ya chumba, mahali inapovimba zaidi! Nikasogeza kiti hadi sentimita 70 kutoka ukutani, robo ya upana, B ikatulia. Sikununua chochote.

Ukuta wenyewe ni wa matumbawe na chokaa, mgumu, unarudisha sauti. Nyuma ya kiti nikasimamisha godoro la sufi la khala, chini mkeka, na vidaka nikaviacha na vitabu na vikombe vyake. Mwangwi mdogo uliobaki naupenda. Kwa masikio yangu unashinda ule wa kutengenezwa na programu.

Kero ni kwamba maiki hii husikia kila kitu. Pangaboi lizimwe, friji izimwe (na ukumbuke kuiwasha, samaki wa watu wasioze). Imeundwa sahili, haina swichi ya kukata besi, kwa hiyo injini ya boti ikipita naikata baadaye kwenye kompyuta, chini ya hezi 80. Wakati wangu ni kuanzia saa sita usiku hadi kabla ya adhana ya alfajiri. Punda lakini hana ratiba. Yupo mmoja nyuma ya nyumba, na jirani alipoisikia rekodi akaniuliza huyo mwitikiaji nimemlipa kiasi gani.

Na chumvi ya bahari msisahau. Nyuzi za shaba hapa hufifia upesi, na gitaa lenye nyuzi zilizokufa hakuna maiki italifufua. Naweka mpya, nazipiga siku mbili tatu ule ukali wa mwanzo uishe, ndipo narekodi. Maiki hulala ndani ya kopo la biskuti pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Ningeinunua tena? Ndiyo, kwa mtu mwenye chumba anachoweza kukinyamazisha. Mwenye mabati juu au barabara ya bodaboda mlangoni, nadhani ile ya kawaida ya Shure SM57 itamfaa zaidi: haihitaji volti 48 na haina masikio marefu hivi. Mimi nimeshazoea. Mpiga udi nimempelekea rekodi mpya, akajibu kwa neno moja: "Mbao." Punda yumo dakika ya tatu, mbali kidogo, kushoto mwa mlango.