Oili ya injini kwa gari la ukanda wa joto: 5W-30 mbele, 20W-50 karibu na mkia

Katika maduka mengi ya vipuri, kuanzia Kariakoo hadi Mtwara, mteja anayeomba oili bila kutaja namba hupewa 20W-50, na sababu anayoelezwa ni moja: huku kwetu kuna joto, oili nyepesi itakuwa maji. Hoja hiyo ilikuwa na mashiko wakati barabara zilipojaa Peugeot 504 na Land Rover za zamani. Kwa IST, Vitz, Probox na Premio zinazoingia leo zikiwa zimeshatumika Japani, hoja hiyo inampotosha mnunuzi, na ndiyo maana mwongozo huu unaiweka 20W-50 karibu na mkia wa orodha.

Ni vyema kwanza kuzielewa namba zenyewe. Namba iliyotangulia herufi W huonyesha tabia ya oili kwenye baridi kali: kwa kipimo cha SAE J300, kiwango cha chama cha wahandisi wa magari (SAE) kinachopanga mnato wa oili, uwezo wa kuwasha injini yenye oili ya 5W hupimwa kwenye nyuzi joto -30 za Selsiasi, ya 15W kwenye -20 na ya 20W kwenye -15. Hata Uwanda wa Kitulo, ambako umande huweza kuganda asubuhi za Julai, haufiki huko. Namba ya pili ndiyo inayoeleza mnato wa oili injini ikiwa imeshika moto, na hupimwa kwenye nyuzi 100. Oili ya 20 huwa kati ya sentistoki (kizio cha mnato; kikiwa kikubwa, oili ni nzito) 6.9 na 9.3, ya 30 huishia 12.5, ya 40 huishia 16.3 na ya 50 huishia 21.9. Kipo pia kipimo kikali zaidi, kinachofanywa kwenye nyuzi 150 huku oili ikisagwa kwa kasi kubwa, ambacho huonyesha iwapo utando wake utahimili mzigo kwenye beringi za krenki. Kiwango cha chini cha kipimo hicho, kwa milipaskali-sekunde, ni 2.6 kwa oili ya 20, 2.9 kwa oili ya 30, na 3.5 kwa 5W-40 au 10W-40.

Jambo ambalo hoja ya joto husahau ni thamostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini. Injini nzima ikishapata moto, maji ya rejeta huzunguka yakiwa na nyuzi 80 hadi 95 hivi, iwe ni Dar es Salaam mwezi Februari au Iringa mwezi Juni, na oili katika mwendo wa kawaida huwa kati ya nyuzi 90 na 110. Tofauti ya nyuzi 15 za hewa ya nje huishia kwa sehemu kubwa kwenye rejeta na haifiki yote kwenye oili. Joto linaloifikia oili kwa kweli ni lile la foleni ndefu kiyoyozi kikiwa kimewashwa, la kupanda mlima Kitonga gari likiwa limejaa watu na mizigo, na la injini yenye turbo. Hata hapo, madhara yake makubwa ni kuichosha oili mapema, kwa kuwa kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya oili kuungana na oksijeni na kuharibika hukaribia kuongezeka maradufu. Dawa ya kuchoka huko ni oili bora inayobadilishwa kwa wakati, si oili nzito zaidi.

Nafasi ya kwanza, kwa magari mengi ya petroli yaliyotoka Japani, inakwenda kwa 5W-30, ikiwezekana ya sinthetiki kamili. Injini kama 1NZ-FE iliyomo kwenye IST na Probox ina mfumo wa VVT-i, ambao huvuta oili kupitia njia nyembamba, valvu ndogo na chujio la matundu madogo sana ili kubadili muda wa kufunguka kwa valvu za kuingiza hewa. Oili ikiwa nzito kuliko ilivyokusudiwa, mfumo huo huchelewa kuitikia, hasa dakika za kwanza baada ya kuwasha. Kwenye nyuzi 40, joto ambalo hata injini iliyolala nje usiku kucha Pwani huwa chini yake, 5W-30 ya kawaida huwa na sentistoki 60 hadi 70, ilhali 20W-50 huwa na 150 hadi 170. Mwenye gari aliyewahi kusikia mnyororo wa taimingi ukikwaruza kwa sekunde mbili tatu kila asubuhi, kisha ukanyamaza, anaweza kuanza uchunguzi wake kwenye namba ya oili kabla hajauziwa mnyororo mpya. Ubora wa sinthetiki unahusu joto moja kwa moja: huvukiza kidogo zaidi na huchelewa kuharibika, na mtu wa foleni za Mbagala au Mombasa ananufaika na hilo kuliko mtu wa Sapporo, mji wa baridi huko Japani.

Nafasi ya pili ni 5W-40, na kama haipatikani kwa bei ya kuridhisha, 10W-40. Hapa ndipo joto na kazi nzito zinapopewa haki yao bila kutia chumvi. Gari la petroli lililokwisha kutembea sana na kuanza kula oili kidogo kati ya huduma moja na nyingine, teksi inayoshinda barabarani mchana kutwa, au Subaru yenye turbo, yote yana sababu ya kupanda hatua moja kwenye namba ya pili, mradi kitabu cha gari kinaruhusu. Wenye magari ya Ujerumani wasomee zaidi ya mnato: Volkswagen, kwa mfano, ina idhini zake kama VW 502 00, na kopo lisilotaja idhini inayotakiwa halifai hata kama namba za SAE zinafanana.

Nafasi ya tatu ni ya magari ya dizeli, yenye mshindi wao, nayo ni 15W-40. Kwa Land Cruiser ya 1HZ, Hiace ya 5L au Fuso, hiyo ni oili ya kununua bila kusitasita, ila kinachotafutwa kwenye kopo ni herufi zinazoanza na C, za daraja la API, taasisi ya petroli ya Marekani. API CI-4 hutosha kwa injini hizo za kizamani. Dizeli mpya zenye chujio la masizi kwenye ekzosi huhitaji oili yenye majivu machache, kwa mfano CK-4, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, la sivyo chujio huziba na bili yake ni ya kutisha.

Kuhusu 0W-20, nafasi ya nne inaitosha, ingawa si kwa sababu ya joto. Ikiwa mfuniko wa oili umeandikwa 0W-20, kama ilivyo kwa Aqua na Prius nyingi, injini ilibuniwa kwa ajili yake na mjini itaendelea vizuri. Anayesafiri masafa marefu akiwa na mzigo atumie 5W-30 endapo kitabu kinaitaja kama mbadala. Kinachoishusha ni kwamba kuimimina kwenye injini isiyoihitaji hakuna faida, na bei yake huwa juu.

Inafuata 20W-50. Ina mahali pake: injini kuukuu zisizo na VVT-i, na zile ambazo ringi za pistoni zimechoka, moshi wa bluu unaonekana, na mwenye gari anavuta muda akikusanya fedha za kufanya overhoo. Lakini oili nzito hunyamazisha mlio wa injini iliyokwisha, na wauzaji wa magari wasio waaminifu wanalijua hilo vyema. Anayenunua gari mkononi na kukuta oili nzito kama asali kwenye kijiti cha kupimia aliwashe likiwa la baridi kabisa, asikubali kulikuta limeshachemka, kisha atazame ekzosi.

Mkiani kabisa ni SAE 40 isiyo na W. Hiyo ibaki kwenye mashine za kusaga na jenereta za zamani zilizoelekezwa hivyo.

Dukani, namba ya mnato ikishakubaliwa, kopo ligeuzwe nyuma. Kwa petroli tafuta API SP, daraja lililoanza mwaka 2020, au SN la mwaka 2010. Makopo yenye SF au SG bado yanauzwa kwa bei nyepesi, nayo ni madaraja yaliyokwisha kupitwa na wakati. Kizibo kiwe na pete isiyokatika, namba ya toleo isomeke bila kufutika kwa kidole, na alama ya TBS au KEBS iwepo. Oili inayopimwa kutoka kwenye pipa isiingie kwenye injini ya VVT-i, hata fundi akiapa. Mwisho, nunua kopo la lita 4: 1NZ-FE huchukua lita 3.7 hivi pamoja na filta mpya, na kinachobaki kifungwe vizuri na kuwekwa kwenye buti kwa ajili ya kuongezea, ili siku kijiti kikionyesha upungufu njiani usilazimike kuchanganya na chochote kitakachopatikana kituoni.